Joto la Nyumba ya Hilkka

Shemeji yangu Taisto Kärnä aliendesha lori la maziwa kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kurudi nyumbani akaikuta nyumba baridi. Hilo ndilo lililomponza, na ndilo lililomharibia dada yangu miaka yake ya mwisho. Nitaeleza ilivyokuwa, na wala sitajitoa humo, maana nami nimo.

Hapa Lehtovaara, kijijini kwetu katika nchi ya baridi ya kaskazini, lori la maziwa huanza mzunguko wake saa kumi alfajiri. Taisto alitoka gizani, akazunguka mashamba yote hadi mpakani, akarudi saa nane mchana. Akavua buti mlangoni, akaingia na soksi, akakuta kahawa mezani na kipimajoto ukutani kinasoma ishirini na moja. Nje inaweza kuwa thelathini chini ya sifuri, ndani ni ishirini na moja. Basi hapo ndipo alipoanza kujipiga kifua.

"Umeona, shemeji?" aliniambia mara ngapi sijui. "Jirani zangu wote wanalia na umeme. Mimi umeme wangu hata hauguni. Hizi kuta nilizijaza unga wa mbao wa kuzuia baridi kwa mikono yangu miwili. Irja, gusa ukuta. Gusa!"

Irja ni mimi. Hilkka, mke wake, alikuwa dada yangu mkubwa, na mimi naishi ng'ambo ya barabara, mjane, na macho yangu ni mazuri. Nilikuwa naona kilichofanyika katika nyumba ile Taisto akishaondoka. Taa ya banda la kuni ikiwaka saa kumi na moja, Hilkka akitoka amejifunga skafu, akibeba kapu la kuni, akirudi, akitoka tena. Makapu matatu siku za kawaida. Baridi ikikaza, matano, sita. Katikati ya nyumba, kati ya jiko na sebule, palikuwa na tanuri la matofali lenye uzito wa tani tatu. Aliliwasha, akalilisha mpaka likashiba, kisha makaa yakiisha kufa akafunga mlango wa bomba la moshi, na matofali yale yakatoa joto polepole mpaka kesho yake asubuhi. Vipasha joto vya umeme alivyofunga Taisto ukutani vilibaki na nusu tu ya kazi. Umeme ungeguna kwa lipi?

Taisto hakuona. Alipokuwa kazini alikuwa barabarani, na alipostaafu alilala hadi saa mbili, na kufikia saa hiyo majivu yameshazolewa. Alichokiona yeye ni mikate myeusi ya Ijumaa ya nafaka ya rai, na samaki wadogo waliookwa ndani ya mkate, ambao aliwala kwa siagi mpaka akafungua mkanda. Kwa hiyo kichwani mwake tanuri lilikuwa la mikate. Akiulizwa kuni nyingi zile zinakwenda wapi, alijibu, "Sauna." Na nani mtu wa huku atabisha kwamba sauna, kile chumba cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto, inakula kuni?

Kuni zenyewe zilitoka katika kipande cha msitu alichotuachia baba. Kila Aprili mimi na Hilkka tulikwenda kukata, kupasua na kupanga. Taisto akiwa barabarani. Nilimwambia dada yangu, zaidi ya mara moja, amweleze yule mwanamume ukweli. Hilkka alicheka.

"Mwache ajisifu, Irja. Akijisifu anakula vizuri, na akila vizuri ananiachia redio."

Ndivyo alivyokuwa. Miaka arobaini na moja ya ndoa, hawakujaliwa watoto, na kila siku ya baridi alinyamaza akabeba. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake, na hasira ya kukasirikia mambo ya mwingine haina pa kutokea, inakaa tu.

Mwaka juzi, mwezi wa Juni, Hilkka alikuwa bandani akipanga kuni za msimu ujao alipopigwa na kiharusi. Mimi ndiye niliyemkuta. Alikuwa amekaa chini ameegemea rundo, mkono wa kulia umelala kwenye paja, na nusu ya uso imeshuka. Alinitazama akajaribu kusema jina langu, ikashindikana.

Alikaa hospitali mpaka mwaka mpya. Maneno yalirudi machache, moja moja. Mguu wa kulia ulirudi kidogo, mkono wa kulia haukurudi kabisa. Mwezi wa Agosti mimi na Taisto tuliitwa hospitali na Jonna, muuguzi anayesimamia huduma za wagonjwa wa majumbani katika eneo letu, msichana wa watu, mnyoofu, hazungukizungukii neno.

"Mzee Kärnä," alisema, "anaweza kurudi nyumbani Januari kwa wiki mbili za majaribio. Yakienda vizuri atabaki. Lakini nyumba iwe na joto lake yenyewe, usiku na mchana, bila mtu kuhangaika na moto. Damu haimzunguki vizuri upande mmoja, baridi kidogo tu itamwangusha. Na wewe una miaka sabini na moja."

"Na yasipokwenda vizuri?" Taisto aliuliza.

"Atahamia makao ya wazee kijiji cha kanisa. Nafasi itakuwepo Januari. Ikipita, sijui nyingine itapatikana lini."

Kijiji cha kanisa kiko kilomita sitini kutoka kwetu. Tulikwenda kitandani kwa Hilkka, Taisto akamweleza. Hilkka alikusanya nguvu zake zote akatoa neno moja. Nyumbani.

Nataka nimtendee haki Taisto, maana najua ulimi wangu. Alimpenda. Siku ile alipotoka hospitali alikaa kwenye gari lake uwanjani pale akalia kwa sauti mpaka watu wakageuka, kisha akajifuta, akawasha gari, akasema, "Pampu ya joto." Na kuanzia siku hiyo hakuwa na mazungumzo mengine.

Pampu ya joto ni kifaa kinachonyonya joto kutoka hewa ya nje, hata hewa ya barafu, na kulipuliza ndani. Nyumba nyingi za huku zinacho. Mwenye akili humwita fundi, fundi huja akazunguka nyumba, akapima, akasema unahitaji kikubwa kiasi gani. Taisto aliamua kupima mwenyewe na kufunga mwenyewe. Madukani kuna pampu zinazouzwa kwa watu kama yeye, mabomba yameshatiwa gesi kiwandani, unatoboa ukuta, unakaza, unachomeka.

Nilikuwa nimekaa jikoni kwake siku alipopiga simu dukani kuuliza. Aliiweka simu kwenye spika ili nami nisikie anavyojua mambo. Kijana wa dukani alimuuliza maswali, Taisto akajibu moja baada ya moja: mita za mraba mia moja na nne, kuta za unga wa mbao, madirisha ya vioo vitatu.

"Na kuni, mzee? Mnachoma kuni?"

"Kidogo tu. Mikate na sauna."

"Una uhakika? Wengine wanasema hivyo halafu..."

"Kijana, nimeishi katika nyumba hii kabla baba yako hajaoa."

"Basi ngoja nimtume fundi wetu apite aone. Hatutozi kitu."

"Mtu wa mjini aje kunipimia nyumba niliyoijaza kwa mikono yangu? Asante. Siku njema." Akakata, akanigeukia. "Umesikia anavyotafuta kazi?"

Nilimkata jicho tu. Nikasema moyoni, huyu atajifunza lini.

Wiki mbili baadaye, katikati ya Septemba, aliniita kwa kupiga honi. Nilivuka barabara. Sebuleni mlango ulikuwa wazi, vumbi jekundu limejaa kila mahali, na Taisto amesimama na nyundo, kichwa chote kimekuwa cha rangi ya matofali. Alikuwa amelibomoa tanuri. Si lote bado, nusu ya juu. Matofali yamepangwa uani safi kabisa, kumi kumi, maana yule hata akiharibu anaharibu kwa mpangilio.

"Taisto! Umefanya nini?"

"Kitanda cha hospitali kinaingia hapa," alisema, akipima hewa kwa mikono. "Katikati ya nyumba. Anaona jikoni, anaona dirisha, anaona runinga. Na hatabeba tena hata gogo moja, Irja. Siku aliyoangukia bandani niliapa. Hata gogo moja."

Niliketi. Alifikiri nimeguswa na mapenzi yake, akaniwekea kahawa na kuniletea karatasi yake. Karatasi nzuri, mwandiko ulionyooka. Alikuwa amechukua umeme wote uliotumika majira ya baridi ya miaka mitano, akaondoa wa maji ya moto, akaondoa wa taa na jiko, akagawanya kwa siku, akaangalia siku za baridi kali zaidi. Akapata kwamba baridi ikifika thelathini na mbili chini ya sifuri, nyumba inahitaji kilowati tatu na nukta tisa. Alijua hata lile ambalo wengi hawalijui, kwamba namba kubwa iliyoandikwa kwenye sanduku la pampu ni ya siku za uvuguvugu, na kwamba baridi ikizidi pampu inapungua nguvu. Akachagua ambayo katika baridi hiyo bado ingetoa nne na nukta moja. Vipasha joto vya sebuleni na jikoni angeviondoa, nafasi ni ndogo. Viwili vya chumbani vibaki vya akiba.

Chini kabisa ya karatasi aliandika: Kuni, sifuri.

"Hebu iangalie vizuri, shemeji," alisema. "Macho yako ni makali. Kuna kitu nimekisahau?"

Nililiona lile neno la mwisho. Nikasema, "Na kuni?"

"Kuni zipi?"

"Za Hilkka."

Akacheka. Sikilizeni, hakucheka kwa ubaya. "Ah, zile! Zile zilikuwa burudani yake. Mwanamke lazima awe na kitu cha kumchangamsha asubuhi. Alipenda kuona moto. Mikate tu ile, Irja."

Burudani. Mimi nina vidole viwili visivyokunjika kwa ajili ya burudani ile. Dada yangu alianguka katikati ya burudani ile. Kilichobaki kilikuwa ni kusema sentensi moja: Taisto, nusu ya joto la nyumba hii ilikuwa kuni, na hesabu yako ni nusu ya hesabu. Mtoto angeweza kuisema. Alikuwa ameniuliza, kalamu mkononi, tayari kuandika, na matofali bado yalikuwa uani.

Nilimrudishia karatasi. "Wewe ndiye fundi," nikasema.

Nilichokitaka ni kimoja. Nilitaka baridi imfunze. Nilimwona kichwani mwangu Novemba, peke yake, amejifunga mablanketi, akija mlangoni kwangu kuuliza mbona nyumba yake haipati joto, na mimi nikimjibu polepole, neno kwa neno, nikifurahia. Kisha angenunua pampu nyingine, Hilkka angerudi Januari akaikuta nyumba ina joto na mume ana adabu. Hayo ndiyo yalikuwa mahesabu yangu, na yalikuwa mabovu kuliko yake.

Oktoba alifunga. Nilimsaidia, kwa kuwa kifaa cha ndani kinahitaji mikono minne. Alitoboa ukuta kutoka ndani, tundu likiinama kidogo kuelekea nje ili maji yasirudi, na unga wa mbao wa miaka ya ujana wake ukamwagika sakafuni rundo zima.

"Shikilia vizuri, shemeji, usiniangushie bibi harusi."

"Bibi harusi gani huyu mzito hivi?"

"Wewe ulikuwa mzito kuliko huyu siku ya harusi yangu. Ulikula keki peke yako."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Alifanya kazi safi. Kifaa cha nje alikisimamisha juu ya vyuma, mita moja kutoka ardhini, theluji isije ikakifukia. Mabomba ya shaba aliyakunja taratibu kwa kuyazungushia ndoo, yasije yakavunjika kiuno. Alikaza kwa spana inayopima nguvu, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo akapiga magoti kutazama kama kuna kiputo. Hapakuwa na hata kimoja. Alipokiwasha na hewa ya moto ikatoka, alivua kofia akakipungia. Fundi yeyote angejivunia kazi ile. Kilikuwa tu kidogo mara mbili kuliko kilichotakiwa.

Sasa mjue kwamba Novemba ilikuwa laini. Mvua, matope, nyuzi mbili, tatu. Desemba ikaja na theluji lakini si baridi ya kweli. Nyumba ya Taisto ilikaa kwenye ishirini na mbili, naye akanikaribisha kahawa kila Jumapili ili nije nivue sweta. Siku moja tu, wiki ya Krismasi, ilishuka hadi kumi na saba chini, na ndani pakawa kumi na tisa.

"Kinazoea," alisema. "Mashine mpya inahitaji kuzoea."

Hapo ningeweza kusema. Zilikuwa zimebaki wiki mbili nzima kabla ya majaribio. Lakini tanuri lilishakuwa rundo chini ya turubai, mbao mpya zilishapigwa sakafuni mahali pake, na mimi nikisema leo nitaulizwa kwa nini sikusema Septemba. Nilijiambia labda Januari nayo itakuwa laini. Nilikwenda nyumbani, nikawasha tanuri langu mwenyewe, nikalala kwa joto.

Hilkka aliletwa Jumatatu ya pili ya Januari, kwa gari la wagonjwa lenye lifti ya kiti cha magurudumu. Taisto alikuwa amenyoa, amevaa tai. Walimsukuma hadi sebuleni, na dada yangu akasimamisha macho kwenye sakafu mpya.

"Wapi?" alisema.

"Nimelibomoa, mpenzi wangu. Kitanda chako hiki hapa. Ona, unaona dirisha. Joto linatoka kule juu sasa, lenyewe, huna haja ya kugusa kitu. Umefanya kazi ya kutosha."

Hilkka alikitazama kifaa kilichokuwa kikipuliza ukutani. Alitazama sakafu tena. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu, na mimi nikasema naenda kutia maji ya kahawa.

Siku mbili zilikwenda vizuri. Alikula uji kwa mkono wa kushoto. Taisto alimsomea gazeti zima, pamoja na matangazo ya vifo, na alipokosea jina la mtu Hilkka alitoa sauti ambayo sote wawili tuliitambua kuwa ni kicheko. Jumatano mchana mbingu ikawa wazi, moshi wa nyumba yangu ukasimama wima, na nikajua baridi ya kweli imefika. Jioni ilikuwa ishirini na nne chini. Alhamisi asubuhi, thelathini na moja.

Nilipovuka barabara nilimkuta Taisto amesimama chini ya pampu na kidude chake cha kubofya, akibofya. Kioo kinasema thelathini, hewa inayotoka ni ya uvuguvugu, na kila baada ya muda inasimama kabisa ili kifaa cha nje kiyeyushe barafu yake. Kipimajoto kilisoma kumi na nne. Vipasha joto viwili vya chumbani vilikuwa vinawaka kwa nguvu zote. Hilkka amevikwa kofia ya manyoya na makoti mawili juu ya blanketi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umebadilika rangi.

"Gesi haijavuja," Taisto alisema kabla sijafungua mdomo. "Nimepaka sabuni tena. Hesabu nimeirudia mara tatu. Irja, hesabu ni sahihi!"

Alikwenda mjini kununua vipasha joto, akakuta madukani vimekwisha, nchi nzima ilikuwa inatafuta. Nilileta viwili vyangu; kumhamishia kwangu hatukuweza, ngazi zangu ni kali na mlango haupitishi kiti chake cha magurudumu. Tulipovichomeka vyote, fyuzi ikakatika, nyumba ikawa kimya na pampu nayo ikasimama. Tukatoa kimoja. Tulitundika magodoro madirishani. Kufikia mchana ilikuwa kumi na mbili, na Hilkka alikuwa ameanza kukohoa. Alinyoosha kidole chake kizima kuelekea bandani.

"Kuni," alisema.

"Za nini, mpenzi? Tanuri halipo."

"Kuni," alisema tena, akafumba macho.

Taisto alitoka bila koti. Nilimfuata hadi mlangoni. Aliwasha taa ya banda, na mle ndani zilikuwepo zile kuni za Juni, zile ambazo Hilkka alizipanga kabla hajaanguka, ukuta kwa ukuta, mpaka darini. Mtu aliyepakia lori maisha yake yote hahitaji kipimo. Nilimwona akihesabu kwa macho, mdomo ukitembea.

"Hizi zote ni za mwaka mmoja?"

"Mmoja."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, Taisto."

Alishika mlango wa banda. "Nilidhani ni sauna," alisema. Nilitarajia kufurahi. Nilikuwa nimeisubiri dakika ile tangu Septemba, tangu miaka mingi kabla ya Septemba, na ilipofika sikuifurahia, nikarudi ndani kumfunika Hilkka.

Jonna alikuja Ijumaa saa nne. Alitazama kipimajoto, kumi na tatu. Akampima Hilkka, thelathini na nane na nukta sita, akamsikiliza mapafu, akaenda jikoni kupiga simu. Taisto alimfuata.

"Nipe siku mbili, mwanangu. Nitapata pampu ya pili. Sasa najua ilipokosewa, najua kabisa, naweza kukuonyesha kwenye karatasi."

"Mzee, siwezi kumwacha humu hata saa mbili."

"Basi muende naye hospitali, akipona arudi. Mnirudishie majaribio."

"Ile nafasi nikiiachia leo, Jumatatu ina mtu." Alisema bila ukali. "Pole sana, mzee. Najua ulivyohangaika."

Walipomsukuma kutoka, Hilkka hakupiga kelele. Alifika mlangoni, akaushika mwimo kwa mkono wa kushoto. Tulifikiri ni bahati mbaya, dereva akajaribu kusukuma tena, kiti hakikwenda. Jonna aliinama, akamfungua vidole kimoja baada ya kingine, huku akimwambia maneno ya upole, na kila alipofungua cha pili cha kwanza kilikuwa kimesharudi. Baridi ilikuwa inaingia kwa wingi kwenye nyumba ambayo haikuwa na joto la kupoteza. Mwisho ni Taisto mwenyewe aliyekuja kumsaidia kuvifungua.

Februari alifunga pampu ya pili, naye safari hii alimwita fundi. Nyumba ile sasa ina nyuzi ishirini na mbili kila siku ya Mungu, na ndani yake anaishi mzee mmoja mwenye kitanda cha hospitali kitupu katikati ya sebule. Alimwomba Jonna majaribio mengine. Nimonia ilikuwa imemchukua Hilkka nguvu zilizobaki, hawezi tena hata kukaa bila kufungwa mkanda. Jibu likawa hapana.

Machi tulikwenda kumtembelea, mimi na Taisto, kwa gari lake. Makao yale ni safi, yana joto, wanatoa keki Jumapili. Taisto alivuta kiti karibu na kitanda, akamshika mkono, yule mzima, na akaanza kusema, kwa sauti ya mtu aliyeyapanga maneno barabarani kilomita sitini zote.

"Hilkka, nimepiga hesabu ya kuni zako. Ulikuwa unaipasha joto nyumba kuliko umeme wangu wote. Miaka arobaini na moja. Nimekula joto lako nikajisifia kuta. Nisamehe. Lakini sikujua, mpenzi. Hakuna aliyejua kwamba kuni zile ndizo joto lenyewe. Ungesema tu, tungejua, mimi na Irja tungejua."

Hilkka aligeuza kichwa kwenye mto. Mdomo ulifanya kazi kwa muda kabla sauti haijatoka.

"Irja," alisema. "Alijua."

Taisto alinitazama, bado anatabasamu kidogo, akingojea niseme dada yangu amechanganyikiwa.

"Nilipokuonyesha karatasi?" aliuliza. "Nilipokuuliza?"

"Ndiyo."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aligeuka tu akaendelea kumtazama mke wake, na mimi nikazunguka kitanda upande wa pili, nikanyoosha mkono nimshike dada yangu. Alikuwa na mkono mmoja tu unaoshika, na huo alikuwa ameshampa Taisto.